Maji Yaliyokuwa ya Mume Wangu

Mtu akitaka kunikomoa kwa matusi anajisumbua bure. Nitamjibu, tutaachana salama. Lakini akininyamazia, ameniweza. Nilizaliwa Chapwa, karibu na mpaka, kwenye nyumba ambayo haikupata kutulia. Baba aligombana na ng'ombe wake kwa Kinamwanga, wachuuzi waliopita na mizigo yao waliulizana bei kwa Kibemba, na sisi watoto tulizozana kwa lugha yoyote iliyokuwa karibu na ulimi. Nilipoolewa huku kwenye milima ya Ileje, mbali na Itumba, niliusiwa mambo mengi kuhusu mume na mawifi. Hakuna aliyeniusia lolote kuhusu kimya.

Mwanzoni hakikuwepo. Wanawake wa huku walinipokea kwa utani. Kindali changu, lugha ya huku, kilikuwa cha kuchekesha, na kwa kuwa nilitoka karibu na Zambia, kila nilipofika mtoni mmoja wao aliniamkia kwa Kibemba, "Mulishani, mama wa mpakani!" na wote wakaangua kicheko, hata wale waliokwisha kuusikia utani huo mpaka ukachuja. Nilijifanya nimekasirika. Kumbe nilikuwa nastarehe.

Mume wangu alikuwa mtu mchangamfu, mwepesi wa kazi na mwepesi wa kuitika anapoitwa. Nadhani ndiyo sababu aliandikishwa mgambo kabla ya wenzake. Alipewa kabuti la kaki lililomfika chini ya magoti, naye akalipenda kupita kiasi. Nilimwambia amekuwa kama gunia lililosimamishwa. Akacheka, akalivaa hata kwenda kuchanja kuni.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini, katikati ya miaka ile ya sabini. Sisi tuliokaa karibu na barabara hatukusumbuka sana. Walioishi juu, kwenye mgongo wa mlima, ndio waliotakiwa kushuka. Huko juu walikuwa na migomba yao, kahawa yao, na makaburi ya watu wao nyuma ya nyumba. Wengine walishuka mapema. Wengine walisema wangoje kwanza wavune ulezi. Mwisho wake mgambo wakatumwa wapande kuezua nyumba na kuchoma nyasi za paa, ili asiwepo wa kurudi.

Mume wangu alikwenda asubuhi na kurudi mchana, ananuka moshi. Nilimtengea maji ya kuoga. Aliniambia kwamba katika nyumba moja alimkuta bibi kizee amekaa, hataki kuinuka, basi alimbeba mgongoni na kumkalisha chini ya mbuni wa kahawa kabla ya kuwasha moto. "Nimembeba kama mama yangu mzazi," alisema. Aliyarudia maneno hayo wakati anakula, na tena alipokuwa anavua viatu. Mtu asiye na wasiwasi harudii jambo namna ile.

Mvua zilianza mapema mwaka huo. Waliohamishwa walipewa viwanja kwenye mstari ulionyooka kando ya barabara, lakini nyumba zilikuwa bado, wakalala kwenye vibanda vya majani ya migomba. Yule bibi akaanza kukohoa. Hakukohoa kwa muda mrefu. Alizikwa chini huku, mbali na mumewe aliyelala kule juu, na binti yake, mjane aliyekuwa amerudi kumtunza, akabaki peke yake kwenye kiwanja kilichotazamana na chetu. Mlango wake na mlango wangu ilielekeana, barabara tu katikati.

Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana. Nilipofika mtoni, wanawake walinipisha. Nafasi waliyoniachia ilikuwa kubwa mno, wangeweza kuenea watatu, na hakuna aliyeingia ndani yake hata siku zenye watu wengi. Maongezi yalikatika. Nikiwasalimia waliitikia, maana watu wa huku wana adabu, lakini waliitikia huku wanatazama ndoo zao. Mwanangu wa kwanza alipougua surua, nilikaa naye ndani nikisikia miguu ya watu ikipita nje, inakaribia mlango, inapita. Yule jirani yangu ndiye aliyekuwa bingwa wao. Alifagia uwanja wake kila asubuhi, uso kwangu, na macho yake yalipita mwilini mwangu yakaenda kutua kwenye ukuta nyuma yangu. Nilianza kuongea na kuku. Nasema kweli, nilikuwa nawapa habari za nyumbani.

Mume wangu alichelewa kuhisi. Wanaume wanaongea kwenye pombe, na pombe ina kelele zake. Lakini taratibu aliona kwamba akikaa kwenye chungu cha pombe ya ulezi, mrija unamfikia wa mwisho, na anayempa hamtazami. Basi siku moja alikwenda kwa baba yake mdogo, nami nikamfuata kwa kisingizio cha kupeleka maharage.

Mzee yule alitueleza mambo ambayo mume wangu aliyajua tangu utotoni, ila alitaka kuyasikia tena. Hasira inayokaa tumboni kimya, alisema, inawaletea watoto maradhi na kufukuza mvua. Dawa yake ni moja. Mwenye hasira anaita watu, anamsimamisha aliyemkosea mbele yake, anasema yote yaliyomo ndani bila kubakiza. Kisha anachukua maji mdomoni, anamtemea miguuni. Hapo imekwisha, na asiwepo wa kuifufua.

"Basi mwambieni aniite," mume wangu alisema. "Niko tayari hata kesho."

"Mwanangu, aliyekosa haombi. Ukiomba, hayo maji ni yako, siyo yake. Unangoja uitwe."

"Na wazee hamwezi kumwambia?"

Mzee alitazama nje kwanza kabla ya kujibu. "Wewe ulitumwa. Tukikaa kitako kulizungumza hili, tutakuwa tumekaa kumzungumza aliyekutuma. Nani ana shingo mbili hapa?"

Tangu siku ile mume wangu akawa mtu wa kungoja. Jioni alitoa kigoda chake akakaa mlangoni akielekea ng'ambo ya barabara. Yule mwanamke akitoka kumwaga maji machafu, mume wangu alijiweka sawa, kama mtu aliyesikia jina lake. Mwanamke alimwaga maji yake, akarudi ndani. Tulikaa hivyo kiangazi na masika, mimi nangoja kusalimiwa, yeye anangoja kuitwa, na hatukuwa na la kuambiana.

Aliyekuja kuyatikisa mambo hakujua anatikisa nini. Alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kijana aliyeletwa kutoka mikoa ya kati, mwembamba, mwenye imani kubwa na chaki. Sisi wanawake tulikwenda darasani kwake alasiri, baada ya shamba. Nilikaa benchi la nyuma, na benchi lote lilikuwa langu. Sikukuu ya chama ilipokaribia, mwalimu alisema tumechoka na ngonjera, safari hii darasa lake litafanya maigizo. Mwenyekiti wa kijiji alikwisha kumkubalia. Mchezo utaonyesha jinsi tulivyohama kutoka gizani huko mlimani na kuja kwenye mwanga barabarani.

Darasa likawa kimya. Mwalimu alidhani ni kimya cha aibu, akaanza kugawa nafasi kama mtu anayegawa mbegu. Huyu atakuwa mwenyekiti. Hawa watakuwa wanakijiji wenye furaha. "Nataka pia bibi mmoja mkaidi," alisema, "asiyetaka kuhama, mpaka mgambo ambebe. Watu watacheka sana."

"Nitakuwa mimi," alisema jirani yangu. Alikuwa amekaa mbele kabisa. Hakuna aliyegeuza shingo.

"Vizuri sana, mama! Na mgambo? Wanaume wa kisomo wamenikimbia, hata mwanamke atafaa, tutamvisha."

Nilinyoosha mkono. Nimejiuliza mara nyingi kilichoniinua mkono, na sipati jibu la heshima. Nilikuwa na hamu ya kutazamwa. Katika mchezo, bibi angelazimika kumtazama mgambo usoni na kusema naye, na mgambo ningekuwa mimi. Hicho tu ndicho nilichokitaka.

Na nilikipata. Katika mazoezi alinikabili, mikono kiunoni, akasema, "Ondoka mlangoni pangu, mtoto usiye na mama!" Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu msiba. Mwalimu alimsifu kwa sauti yake. Mimi nilirudi nyumbani nimetukanwa na nimefurahi, nikawa nayarudia maneno yale nikipika. Mtu aliyeshiba watu hawezi kunielewa.

Mume wangu aliponiuliza kilichonipendeza, nilimwambia. Hakukasirika. Aliniuliza tu nitambebaje. Nilimwonyesha.

"Hapana, hapana. Hivyo utamwangusha." Aliinuka, akaniamuru nikae kwenye kigoda, akageuka na kuchuchumaa mbele yangu. "Mikono yake aiweke hapa shingoni. Wewe mkono mmoja chini ya goti, hivi, na mwingine hivi. Unainuka polepole, maana mifupa yake inalia. Alikuwa akiniambia nisimdondoshe." Akainuka nami mgongoni, akanizungusha chumbani, akanishusha taratibu kando ya ukuta. Alibaki amechuchumaa, mgongo kwangu, kwa muda. Kisha alikwenda kuleta kabuti, akalikung'uta, akanivisha mwenyewe na kunifunga vifungo. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku aliyonioa.

Siku ya sikukuu ilikuwa ya jua. Uwanja wa shule ulijaa, na wageni kutoka Itumba walikaa kwenye viti mbele, mwenyekiti kati yao. Mgambo walipangwa pembeni kulinda utulivu, mume wangu miongoni mwao, safari hii bila kabuti. Nyimbo zikaimbwa, hotuba zikatolewa, kisha sisi tukaingia.

Sehemu ya kwanza ilikwenda alivyotaka mwalimu. Nilipiga hodi kwa kishindo. Bibi alinifukuza, watu wa mbali wakacheka. Nilichuchumaa, nikambeba kama nilivyofundishwa. Alikuwa mwepesi, na alinishika shingo kwa nguvu kuliko mazoezini. Nilimshusha katikati ya uwanja, mahali ambapo alipaswa kuona kijiji kipya, kushangilia, na kuanzisha wimbo.

Hakuanzisha. Alinyoosha mkono kwa mmoja wa wanakijiji wenye furaha, aliyekuwa na kibuyu cha maji kwa ajili ya mapambo, akakichukua. Pale pale wazee waliokuwa upande wa kivulini walivua kofia zao. Nikaelewa kwamba mgambo ameitwa.

Alisema kwa Kindali, si kwa Kiswahili cha mchezo. Wageni waliokaa mbele walitabasamu wakingoja afike kwenye kichekesho. Alisema juu ya nyasi za paa, ni nani walizikata na mwaka gani kulikuwa na nyasi nzuri. Alisema mama yake aliomba kigoda chake, na kigoda kikabaki ndani. Alisema juu ya kibanda cha majani, upande upi ulivuja, na jinsi alivyomlalia mama yake mgongoni ili ampe joto, na jinsi kikohozi kilivyompiga yeye kifuani kupitia mgongo huo. "Na wewe ulisema pole," aliniambia, macho yake ndani ya macho yangu. "Ulimweka chini, ukasema pole mama, kisha ukawasha. Hiyo pole ndiyo sikuweza kuimeza. Ungenyamaza ningekuchukia kidogo."

Mimi sikuwahi kusema pole. Sikuwepo. Lakini nilikuwa ndani ya kabuti lile, na nilisikia kila neno likiniingia kama langu. Nilikuwa nalia. Alichukua maji mdomoni, akayashika muda mrefu, mashavu yamejaa, machozi yakimtiririka. Akayatema miguuni pangu, mengine yakaruka kwenye kabuti.

"Imekwisha," alisema.

Wageni walipiga makofi. Mwenyekiti alicheka, akamwambia mwalimu kwamba huyu bibi ni kiboko. Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa ametoka kwenye mstari wa mgambo, hatua chache kuja kwetu, mkono wake umeinuka kidogo. Alisimama hapo, kisha akarudi mahali pake.

Kesho yake nilipofika mtoni, nafasi yangu haikuwepo. Nilibanwa kulia na kushoto, mtu akanikanyaga, mwingine akaninyang'anya ndoo akaijaza. "Mulishani, mama wa mpakani! Kumbe unajua kubeba vizee!" Nilicheka mpaka nikaketi kwenye mawe. Jirani yangu alinitwika ndoo kichwani kwa mikono yake. Sitaficha: nilikuwa na furaha ya kupita kiasi, furaha ya mtu aliyetoka kifungoni, na nilipanda nayo kilima mpaka nyumbani.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mchana, wakati watu wako shambani.

"Wamekusalimia?" aliniuliza.

"Wamenisalimia."

"Ni vizuri." Alitazama ng'ambo ya barabara. "Yale maji yalikuwa yangu, mama watoto."

Alikwenda tena kwa baba yake mdogo, na safari hii wazee wakakaa, maana mchezo ulikuwa umewapa mlango: wangeweza kusema wanazungumza maigizo tu. Mmoja alisema mchezo ni mchezo, maji yale hayahesabiki, yatemwe upya. Mwingine alisema alivua kofia yake kwa jambo la kweli na hawezi kuivua mara mbili. Mwishowe wakamwita jirani yangu mwenyewe wamuulize.

"Nilianza kwa mchezo," alisema. "Nilipofika kwa mama, sikuwa nacheza."

"Na huyu hapa?" baba mdogo alimwonyesha mume wangu, aliyekaa chini na kofia mkononi. "Utaweza kumtemea na yeye?"

Namshuhudia kwamba hakukataa haraka. Alifumba macho akatafuta, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda. Alipofumbua alikuwa na huzuni. "Sina, baba. Nimetafuta. Nikitema nitakuwa natema maji matupu."

Wazee waliguna kwa kukubali. Maji matupu ni uongo, na uongo wa namna hiyo hakuna aliyekuwa tayari kuubeba. Shauri likaisha hapo.

Mimi sikukubali. Nilimfuata jirani yangu nyumbani kwake, nyumba ambayo sasa niliingia bila kupiga hodi, nikamshika mikono. "Mwenzangu, tema tu. Unywe, uteme, iwe basi. Nani atajua?"

"Yeye atajua," alisema.

Jirani yangu alikuwa akimsalimia mume wangu tangu siku ya mchezo. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi. "Habari za kutwa, shemeji," anamwambia akipita, kama anavyomwambia mtu yeyote, hana kinyongo, hana chochote. Mume wangu aliitikia kwa sauti ya mgeni. Mrija ulimfikia sasa kwa zamu yake, lakini alikuwa ameacha kwenda kwenye pombe. Kigoda hakukitoa tena. Nilikuwa na watu wengi kila siku, uwanja wangu umejaa wanaosuka na wanaotwanga, na yeye alikuwa ndani, amelala bila usingizi. Nilijaribu kumwambia amekwisha kusamehewa. Alisema, "Umesamehewa wewe."

Baadaye alisema anakwenda Tunduma kuwasalimu wakwe zake. Akavuka mpaka kutafuta kazi upande wa pili. Mara ya kwanza alituma sabuni na nguo za watoto kwa mtu aliyekuwa anarudi. Mara ya pili alituma salamu. Baada ya hapo hakukuwa na kitu, miaka ikapita, watoto wakawa wakubwa, mpaka ndugu zangu wa Chapwa walipokuja kuniambia kwamba alifia huko na kwamba wenyeji wamekwisha kumzika.

Nyumba yangu ilijaa. Hawakubaki watu mtoni wala shambani. Jirani yangu alifika kabla ya wote, akawasha moto wangu, akanifunga kanga kichwani, akakaa nyuma yangu nimwegemee. Siku ya kuondoa tanga, mzee mmoja alisimama akauliza, kama desturi inavyotaka, kama yupo mwenye neno na marehemu alitoe sasa. Watu wengi hawakutazama kokote. Nilijua ni wapi wanajizuia kutazama.

"Mimi sina neno naye," jirani yangu alisema kwa upole, nyuma ya sikio langu. "Hata kidogo."

Alilisema kwa wema, na lilikuwa kweli. Wanawake wakaitikia vizuri, vizuri, wakanisogelea. Nami nilitamani kwa moyo wangu wote angekuwa nalo, hata moja, alitoe kwa kelele, amtukane mbele ya watu kama mtu aliyewahi kuwepo. Nililia kwa sauti. Wote walinishika, na hakuna aliyekuwa analia na mimi.